Lumbesa ya leseni: meinifremu, seva za kawaida na hesabu za Handeni na Korogwe

Mkulima wa mahindi wa Handeni hahitaji kufundishwa kwamba bei inaweza kubaki ileile huku kipimo kikibadilika. Mnunuzi anataja bei ya gunia, mkulima anakubali, kisha linaletwa gunia lililoongezewa kipande juu, linashindiliwa mpaka linavimba, na kinachopakiwa kwenye fuso ni gunia na kilemba chake. Hiyo ndiyo lumbesa. Wakala wa Vipimo anapambana nayo miaka nenda miaka rudi, na dawa yake inajulikana: pima kwa kilo. Anayenunua kwa gunia atatafuta gunia kubwa, na mzani hauna habari na kilemba.

Biashara ya leseni za programu za kompyuta ni soko la magunia. Kwa miongo kadhaa wataalamu wa Tehama wamebishana kipi kina nafuu, kuendesha programu kwenye meinifremu, zile kompyuta kubwa za benki na mashirika ya ndege, au kuziendesha kwenye seva za kawaida ambazo mtu anaagiza leo na wiki ijayo ziko ofisini. Wengi hujibu haraka kwa kutazama bei ya sanduku: meinifremu ghali, seva rahisi, mjadala umekwisha. Lakini sanduku hununuliwa mara moja, na leseni hulipiwa kila sanduku linapoongezwa, kila prosesa inapobadilishwa, na kwa mikataba mingi ya siku hizi, kila mwaka unapogeuka. Anayetaka kujua nani analipa zaidi aache sanduku, aulize kinachohesabiwa.

Wilaya mbili za Tanga, Handeni na Korogwe, ni mahali pazuri pa kuulizia swali hilo, ingawa hakuna meinifremu hata moja inayonguruma Chanika, Handeni, wala Manundu, Korogwe. Zina halmashauri nne kati ya 11 za mkoa, mbili za wilaya na mbili za miji. Zote hufunga mwaka wa fedha tarehe 30 Juni. Kila mhasibu wa halmashauri anaijua Juni: hati za malipo zinapandana, wakandarasi wanapiga simu, fedha za miradi zinakimbizana na kalenda, na mfumo wa malipo unafanya kazi mpaka usiku. Julai ikifika, pilika zinapungua kama stendi baada ya basi la mwisho.

Tofauti hiyo ya Juni na Julai ndiyo inayozitenga njia mbili za kuhesabu leseni.

Tuanze na ile ya meinifremu, kwa kupitia mto Pangani. Mwaka 1964 kituo cha umeme cha Hale, wilayani Korogwe, kilianza kazi kikiwa na uwezo wa megawati 21. Mwaka huohuo, tarehe 7 Aprili, IBM ilitangaza System/360, ukoo wa kompyuta ambao meinifremu za leo ni vitukuu vyake. Mambo haya mawili hayana undugu, ila umeme na meinifremu vimekuja kutozwa kwa mantiki inayofanana sana. Mwenye nyumba Korogwe hununua LUKU na kulipia uniti anazotumia. Mwenye kiwanda ni mteja wa aina nyingine: pamoja na uniti, TANESCO humtoza kilele cha mahitaji yake, kinachopimwa kwa kVA. Akiwasha mitambo yote kwa pamoja mara moja ndani ya mwezi, kilele hicho kinaingia kwenye bili hata kama siku nyingine alikuwa anawasha taa mbili tu. Meneja wa kiwanda cha mkonge mwenye akili zake hupanga zamu kwa kuitazama hiyo kVA.

Leseni za programu za IBM kwenye meinifremu hutozwa karibu hivyohivyo. Kazi inayofanywa na mashine hupimwa kwa kizio kiitwacho MSU. Mfumo huchukua wastani wa saa nne unaotembea, na hapa msomaji asichanganyikiwe na lugha yetu tamu: si saa nne ya asubuhi, ni muda wa saa nne mfululizo, unaopimwa upya kadiri saa inavyosonga. Mwisho wa mwezi kinachukuliwa kilele cha wastani huo, mteja anapeleka ripoti, na bili ya mwezi inatoka hapo. Yaani saa nne nzito kuliko zote za Juni ndizo zinazoweka bei ya Juni. Julai ikiwa tulivu, bili ya Julai inashuka.

Ndiyo maana wasimamizi wa meinifremu duniani wana tabia za mameneja wa korona, ile mitambo ya kuchakata mkonge. Wanasogeza kazi nzito usiku wa manane, wanaweka kikomo ili mashine isivuke kiwango fulani cha MSU hata kama watumiaji watanung'unika, na wanahamishia kazi nyingine kwenye prosesa maalumu ambazo hazihesabiwi kwenye MSU. Moja ya prosesa hizo, iitwayo IFL, ipo tangu mwaka 2000 kwa ajili ya kuendesha Linux peke yake, na tutairudia. Mwaka 2019 IBM iliongeza mpango mwingine unaotazama matumizi ya mwaka mzima badala ya kilele, baada ya wateja kulalamika miaka mingi kwamba wanaishi kwa kuogopa saa nne.

Kuna jambo ambalo mpango wa kilele cha MSU haumfichi mteja mdogo: MSU za kwanza ndizo ghali, na kadiri unavyotumia nyingi ndivyo bei ya kila moja inavyoshuka. Benki ya bara zima inapata bei ya jumla. Taasisi ya nchi yenye kazi ndogo inanunua kwa kibaba. Kwa hiyo hata kabla ya kugusa bei ya mashine yenyewe, meinifremu ina ngazi ambayo mdogo anaanzia juu.

Haya, seva za kawaida. Hapa kinachohesabiwa ni kiini, ile sehemu ya prosesa inayopiga hesabu. Zamani prosesa moja ilikuwa na kiini kimoja na hakuna aliyejali. Viini vilipoanza kuongezeka, wauzaji wa programu walibadilisha gunia: Microsoft ilihamishia kanzidata yake ya SQL Server kwenye hesabu ya viini kwa toleo la 2012, na Windows Server ikafuata kwa toleo la 2016. Oracle ilikwishafika huko mapema, ikiwa na jedwali lake la kuzidisha linaloamua kila aina ya kiini ina thamani gani.

Tupige hesabu moja kamili, kwa sababu hapa ndipo watu hushtuka. Chukua seva mbili za kawaida, kila moja na prosesa mbili za viini vinane. Jumla viini 32. Seva za namna hiyo hununuliwa kwa maelfu ya dola, na mkuu wa kitengo anaweza kuziingiza kwenye bajeti bila kutoa jasho. Sasa weka juu yake kanzidata ya Oracle, lile toleo kubwa. Bei ya orodha ni dola 47,500 kwa leseni ya prosesa moja. Jedwali la Oracle linahesabu kiini cha Intel au AMD kuwa nusu, hivyo viini 32 vinakuwa leseni 16, na leseni 16 ni dola 760,000. Msaada wa kila mwaka ni asilimia 22 ya bei hiyo: dola 167,200. Ukibadilisha kwa shilingi 2,500 kwa dola, ni shilingi bilioni 1.9 za kuanzia na shilingi milioni 418 kila mwaka. Hakuna anayelipa bei ya orodha bila kubembeleza punguzo, hilo ni kweli. Lakini hata ukipewa punguzo la nusu, karatasi bado inauzidi ubavu mtambo mara nyingi sana.

SQL Server ni nafuu zaidi, ila mantiki ni ileile. Kwa bei ya orodha ya toleo la 2022, jozi ya viini kwa daraja la kawaida ni dola 3,945 na kwa daraja la juu ni dola 15,123. Viini 32 ni jozi 16: dola 63,120 au dola 241,968, kutegemea daraja. Tofauti ya madaraja hayo mawili ni dola 178,848, na mtambo uliolala chini yake ni uleule.

Sasa rudi kwenye Juni. Seva lazima inunuliwe ikiwa na nguvu ya kubeba siku mbaya kuliko zote, yaani juma la mwisho la Juni. Viini vinavyohitajika siku hiyo vinapewa leseni, na leseni hizo hazijui kalenda. Usiku wa Februari, watu wa Korogwe wamelala na seva inapumua kwa asilimia chache za uwezo wake, mteja bado amelipia Juni. Meinifremu inatoza kilele cha mwezi. Seva ya viini inatoza kilele cha maisha.

Na lumbesa yenyewe iko wapi? Iko kwenye viwango vya chini. Windows Server inakutaka ulipie viini visivyopungua 16 kwa kila seva, hata kama seva yako ina viini vinne. SQL Server inakutaka ulipie visivyopungua vinne kwa kila prosesa. Kwa mwenye seva kubwa chache, vipengele hivi havimgusi. Kwa mwenye seva ndogo nyingi zilizotawanyika, kila moja inavikwa kilemba.

Fikiria halmashauri zote 184 za Tanzania Bara, kila moja na seva yake moja ya Windows ofisini kwake. Hata kama kila seva ni ndogo ya viini vinne, ambavyo jumla ni 736, leseni zitahesabiwa kwa viini 2,944. Robo tatu ya malipo inakwenda kwenye viini ambavyo havipo. Ni mfano wa kufikirika, lakini kanuni iliyotumika ni ya kweli na iko kwenye mkataba.

Watengenezaji wa prosesa wameuona mchezo na wamejiunga nao kwa upande wao. AMD, ambayo prosesa zake za EPYC zimefika viini 192 kwenye kipande kimoja, mwaka 2021 iliuza pia EPYC 72F3 yenye viini vinane tu, lakini vya kasi na vyenye kumbukumbu kubwa ya ndani. Kwa nini mtu alipe fedha nyingi kwa prosesa yenye viini vichache? Kwa sababu leseni inahesabu viini, haihesabu kasi. Gunia ni moja, basi ulijaze. Lumbesa safari hii inafanywa na mnunuzi.

Tanzania imepita njia zote mbili, na ya kwanza ilikuwa ya mashine kubwa. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ICT 1500 ya kampuni ya Kiingereza ambayo baadaye, mwaka 1968, iliunganishwa na nyingine kuwa ICL. Wakati ule programu haikuwa na bei yake. Ilikuja na mashine kama mpini unavyokuja na jembe. Aliyeanza kuvitenganisha ni IBM, ambayo ilishtakiwa na Serikali ya Marekani kwa kuhodhi soko mwezi Januari 1969, na tarehe 23 Juni mwaka huohuo ikatangaza kwamba sehemu ya programu na huduma zake zitatozwa peke yake. Juni tena, kwa bahati tu. Biashara nzima ya leseni tunayoijua leo ilichipua kutokana na tangazo hilo.

Hazina haikufurahia sana mashine zake. Jaribio la kuingiza hesabu za Serikali kwenye kompyuta lilikwenda vibaya, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Zilizoingia baada ya hapo ziliingia kwa kibali. Watu hupenda kuicheka marufuku ile, na kweli iliigharimu nchi wataalamu. Lakini anayesoma mikataba ya leo ya kulipia kwa dola kila mwaka atamwelewa kidogo ofisa wa Hazina wa mwaka 1974 aliyetazama fedha za kigeni zikiyeyuka kwa mashine ambayo haikumpa hesabu zilizofungika.

Kompyuta iliporudi kwenye hesabu za Serikali kwa nguvu, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilikuja kwa sura ya seva za kawaida na programu ya kununua. Iliitwa Platinum. Kampuni iliyoitengeneza ilibadilisha jina mwaka 1999 ikawa Epicor, na kwa jina hilo la pili ndiyo iliyozoeleka kwenye halmashauri. Wahasibu wa Handeni na Korogwe, kama wenzao wa nchi nzima, walijifunza kusema "Epicor" kama jina la kazi yenyewe: "Nenda kaingize kwenye Epicor."

Kwa macho ya leseni, Epicor ilikuwa nyumba ya ghorofa tatu. Chini kabisa Windows Server, inayohesabiwa kwa viini. Juu yake SQL Server, maana toleo la 10 la Epicor halikukubali kanzidata nyingine, nayo inahesabiwa kwa viini. Ghorofa ya juu ni programu ya uhasibu, na programu za aina hii kwa kawaida huuzwa kwa idadi ya watumiaji wanaoingia kwa wakati mmoja. Hapo kipimo ni cha tatu kabisa, na Juni inaonekana kwa sura nyingine: leseni zikiwa 20 na wahasibu 30 wanataka kuingia, kumi wanasubiri mlangoni. Upande wa mishahara, walimu na wauguzi wa wilaya hizi walihesabiwa ndani ya mfumo uliojengwa juu ya Lawson, programu ya Kimarekani nayo ya kununua.

Msomaji anaweza kuuliza, je, yote hayo yangebebwa na meinifremu moja pale Dodoma, gharama ingepungua? Swali si la kipuuzi. Katika wilaya ya Korogwe watu wanajua maana ya kugawana mtambo. Wakulima wadogo wa mkonge wanaozunguka mashamba ya Magunga, Mwelya, Ngombezi, Magoma na Hale hawana korona kila mtu kwake. Korona inataka maji mengi, umeme mwingi na fundi. Majani yanapelekwa kwenye moja, na mtambo unazunguka. Mkonge hukatwa mwaka mzima, hivyo korona haikai bure kama mashine ya kukoboa mahindi inayosubiri msimu.

Hiyo ndiyo hoja nzito ya watetezi wa meinifremu: imejengwa kufanya kazi ikiwa imejaa, wakati seva nyingi za kawaida hukaa bila kazi sehemu kubwa ya siku. Na hapa ndipo IFL inaporudi. Oracle inahesabu kiini cha meinifremu kuwa kizima, na kiini cha Intel au AMD kuwa nusu. Maana yake, ukihamishia kanzidata zako kwenye Linux ya meinifremu, kiini kimoja kikifanya kazi ya viini viwili vya kawaida, ngoma ni droo. Kikifanya kazi ya vitano, umeokoa zaidi ya nusu ya leseni. IBM yenyewe, kwa programu zake zinazohesabiwa kwa pointi, huhesabu pointi 70 kwa kiini cha seva ya kawaida yenye prosesa mbili na 120 kwa kiini cha meinifremu, hivyo droo inapatikana mapema zaidi, kwenye viini 1.7 hivi. Kwa benki yenye makumi ya seva za Oracle zinazolala nusu ya siku, hesabu hiyo inaweza kuipendelea mashine kubwa bila ushabiki wowote.

Kwa halmashauri nne za Handeni na Korogwe, au hata zote 184, haipendelei. Kazi yao ni ndogo mno kufika kwenye bei ya jumla ya MSU, wataalamu wa z/OS, mfumo endeshi wa meinifremu, ni haba, na programu walizokuwa nazo zilikuwa za Windows. Lakini sehemu moja ya mantiki ya meinifremu waliichukua bila kuinunua: kukusanya. Epicor za halmashauri zilipounganishwa na seva kuu Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 2010, wazo lilikuwa lilelile la korona. Seva chache kubwa, watumiaji wengi, viini vinavyotumika kweli. Kilele cha ushuru wa mahindi Handeni baada ya mavuno ya masika hakigongani na shughuli za mkonge Korogwe zinazokwenda mwaka mzima, wala na korosho za kusini. Ukivichanganya, vilele vinalainishana. Kinachogoma kulainika ni Juni 30, kwa sababu siku hiyo ni ya wote.

Kukusanya kuna gharama yake, ambayo haiandikwi kwenye leseni: mtandao. Mhasibu wa Kwamsisi au Mashewa aliye mbali na mkongo wa taifa wa mawasiliano hana faida na seva iliyo Dodoma siku ambayo mnara haushiki. Watu wa leseni hulisahau hili kwa sababu analipa mwingine.

Kisha ikaja hatua iliyoubadilisha mjadala wote. Kuanzia mwaka wa fedha 2019/20 Serikali Kuu ilianza kuiacha Epicor na kuingia kwenye MUSE, Mfumo wa Ulipaji Serikalini, uliojengwa na wataalamu wa ndani, na halmashauri zikafuata. Mwaka 2021 mfumo wa watumishi na mishahara uliojengwa nchini ukachukua nafasi ya Lawson. Malipo ya wananchi kwa Serikali yalikwishahamia GePG tangu 2017, na Julai 2023 manunuzi ya umma yakahamia NeST. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 iliipa meno Mamlaka ya Serikali Mtandao kusimamia mifumo hii isizaliwe kiholela. Ghorofa ya juu ya ile nyumba, ile ya kuhesabu watumiaji, ilibomolewa. Halmashauri ya Mji Handeni ikiongeza wahasibu watano kwenye MUSE, hakuna ankara ya dola inayotoka ng'ambo kwa sababu yao.

Upande wa afya ulitangulia. Zahanati za wilaya hizi zinajaza vitabu vya MTUHA, na takwimu zake zinaingizwa kwenye DHIS2, programu huria yenye makao yake Chuo Kikuu cha Oslo, inayokwenda juu ya Linux na kanzidata huria ya PostgreSQL. Tangu chini hadi juu, leseni ni sifuri. Laiti kila zahanati ingelipiwa kiti cha mtumiaji, mratibu wa MTUHA wa wilaya angekuwa anagawa nywila kama anagawa chanjo adimu.

Hapa lazima mtu awe mkweli, maana washabiki wa programu huria hupenda kuishia kwenye hiyo sifuri. Sifuri ya leseni si sifuri ya gharama. PlanRep na FFARS, mifumo ya mipango na ya fedha za vituo ambayo shule na zahanati za vijijini huitumia, ilijengwa kwa msaada wa fedha za USAID kupitia mradi wa PS3. Mlipaji alikuwepo, ila hakuwa kwenye ankara. USAID ilifunga milango Julai 2025. Mifumo inabaki, na wa kuitunza wanataka mshahara. Mwandishi wa programu mahiri akiondoka serikalini kwenda benki, hakuna mkataba wa asilimia 22 utakaomleta mwingine kesho asubuhi. Hata programu huria yenyewe ina wenyewe: Desemba 2020 Red Hat, ambayo IBM iliinunua mwaka uliotangulia, ilitangaza kwamba CentOS 8, Linux ya bure iliyokuwa imejaa kwenye seva za taasisi duniani, itakoma mwisho wa 2021. Waliokuwa wameitegemea walipata mwaka mmoja wa kuhama.

Na wauzaji nao hawajalala. Broadcom ilinunua CA, muuzaji mkubwa wa programu za meinifremu, mwaka 2018. Novemba 2023 ikanunua VMware, ambayo programu zake zinakata seva moja ya kawaida kuwa seva pepe nyingi, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. Sasa ni kukodi, kwa kiini, visivyopungua 16 kwa kila prosesa. Kampuni moja inatoza pande zote mbili za mjadala huu. Anayedhani kwamba kukimbia meinifremu ni kumkimbia mwenye nyumba, atamkuta amekaa kwenye nyumba ya pili, funguo mkononi.

VMware inaleta mtego mwingine. Oracle haikubali kwamba seva pepe inapunguza hesabu ya viini: ukiweka kanzidata moja ndogo ndani ya kundi la seva sita zilizounganishwa kwa VMware, msimamo wake ni kwamba ulipie viini vya seva zote sita, kwa kuwa kanzidata inaweza kuhamia popote. Kampuni ya chokoleti ya Mars ilikwenda mahakamani California mwaka 2015 kwa ugomvi wa ukaguzi wa namna hii, na kesi ikaisha bila hukumu. Kama kampuni ya ukubwa ule ilitokwa jasho, ofisa Tehama aliyeachiwa seva na mtangulizi wake aliyehamishwa kituo ana kila sababu ya kwenda kuangalia leo nini kimewekwa wapi.

Hukumu, basi, kwa wilaya hizi mbili: seva za kawaida zilizokusanywa mahali pamoja, zenye programu za ndani au huria juu yake, ndiyo njia yenye bei nafuu, na nchi imeshaichagua. Seva za kawaida zenye kanzidata ya kibiashara, moja moja kila ofisi, ni njia ghali mno, inayoweza kuizidi hata meinifremu inayochekwa. Taasisi ambazo bado zinanunua, na ni nyingi, kuanzia hospitali binafsi hadi saccos na vyuo, zisikubali kuanza mazungumzo kwa bei ya sanduku. Zimtake muuzaji aandike kwa maneno kinachohesabiwa, kiwango cha chini ni kipi, na bili ya mwezi mtulivu itakuwa kiasi gani ikilinganishwa na ya mwezi mzito. Jibu lisipofika kwa maandishi, mkataba usipelekwe kwa mwanasheria, urudishwe kwa muuzaji. Kwenye leseni inayohesabu viini, bili ya Julai ni sawasawa na ya Juni.